Kijivu cha Nyumba ya Mama

Kuna watu wakisikia kijivu wanadhani ni rangi moja. Wateja wa aina hiyo nimewapata wengi katika miaka yangu ishirini na miwili ya kupaka rangi, nao ndio hunipandisha mori. Anasimama mlangoni, mikono kiunoni, anakwambia weka kijivu tu, utadhani anaagiza chumvi. Kijivu kipi? Kuna cha majivu yaliyopoa, kuna cha saruji mbichi, kuna cha wingu lenye mvua, kuna cha manyoya ya njiwa ambacho kwa mbali kina uzambarau, na kuna kile ambacho dukani ni kijivu safi kabisa lakini kikifika ukutani kwako kinakuwa kijani kama maji ya bwawa. Sebule ya bibi mmoja niliipaka mara tatu, na mara zote tatu alikuwa ameniambia niweke kijivu tu.

Kwa hiyo mama aliposema anataka nyumba yake ipakwe kijivu, nilirudi kwangu nacheka peke yangu njiani. Hatimaye familia yetu ilikuwa imepata tatizo linalohitaji ujuzi wangu. Si la kwenda benki, si la hospitali, si la mahakama. La ukuta.

Niseme kwanza habari ya macho yake. Yalianza kumwacha miaka minne iliyopita. Hakupofuka, na daktari alituhakikishia kwamba hatapofuka, ila rangi zote zimekwenda zake. Kilichobaki ni mwanga na kivuli, navyo vimetiwa ukungu, kama mtu anayetazama dunia akiwa ndani ya chandarua. Mwanamke aliyeshona nguo za watu kwa miaka thelathini na mitano, aliyeweza kukwambia kutoka ng'ambo ya barabara kwamba uzi wako na kitambaa chako havipatani, leo hajui kama blauzi aliyovaa ni ya njano au ya bluu. Na mwanga ukizidi unamchoma. Ukuta mweupe uliopigwa na jua unamfanya afumbe macho kabisa.

Macho yalipoharibika, kaka yetu mkubwa alimchukua akakae kwake. Kaka ni msimamizi wa ghala, mtu wa orodha na wa kuhakikisha, na mama anampenda kupita kiasi. Tatizo ni hilo hilo. Nyumbani kwake mama akiinuka tu kitini, sauti tatu zinamwambia akae. Akitaka maji analetewa. Akitaka kwenda uani anashikwa mkono kama bibi harusi. Siku moja nilipomtembelea alininong'oneza kwamba amegeuzwa mtungi, anakaa alipowekwa. Alisema kwa utani, lakini mimi namjua mama yangu, na usoni hakukuwa na utani.

Halafu mpangaji wa nyumba ndogo aliyotuachia baba akahama. Sebule moja, chumba kimoja, jiko. Mama akasema anataka kwenda kuishi pale, peke yake. Kaka alikataa mwezi mzima. Mwishowe, Jumapili moja baada ya kula, alichoka kubishana akaweka sharti. Jumapili inayofuata, saa kumi jioni, mama aingie kwa mlango wa mbele wa nyumba hiyo, apite sebuleni, aende chumbani, atoke, aingie jikoni, achemshe chai na kuleta kikombe sebuleni. Bila fimbo, bila kushikwa mkono, bila kupapasa ukuta, na bila mtu yeyote kumwambia neno. Akigonga kitu hata mara moja, anarudi kwa kaka na habari ya kuishi peke yake haitajwi tena.

Mama alikubali kabla kaka hajamaliza kusema. Mimi nilisahau kwamba nilikuwa nimeshika kijiko. Wiki moja. Nyumba nzima, kuta, milango, kila kitu, na mama kuwa mama tena au kubaki mtungi.

Wakati natoka kaka alinivuta pembeni, akanishauri nipake nyeupe kwa sababu nyumba nyeupe ina mwanga. Nilimjibu kwa heshima, maana ni mkubwa wangu, lakini moyoni nilimwambia akapange maboksi yake.

Jumatatu asubuhi duka la rangi lilipofunguliwa mimi nilikuwa nimeshafika. Yule anayechanganya rangi pale tunamwita Daktari, kwa sababu huvaa koti jeupe na huandika vipimo vya rangi kwa mwandiko ambao hata yeye akirudi kesho hausomi. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Nilimweleza kila kitu, naye akafungua kitabu cha rangi, tukaanza. Tulipita vijivu arobaini. Nilichagua kimoja cha wastani, si cheupe si cheusi, chenye joto kidogo ndani yake, kile kijivu ambacho ukikaa nacho jioni unajisikia umefika nyumbani. Kizuri, jamani. Bado nakipenda.

Na milango? Hapo ndipo nilipojiona bingwa. Nilitaka milango ijitokeze, ipige kelele. Nikachagua nyekundu. Nyekundu ya damu, rangi ya mafuta yenye kung'aa, milango na fremu zake zote. Daktari alisema asiyeuona mlango huo basi hana haja ya mlango. Tukacheka, nikabeba ndoo zangu.

Siku mbili sikupumzika. Nilipiga msasa, nikaziba nyufa, nikapiga mkono wa kwanza wa rangi, nikasubiri, nikapiga wa pili. Sakafu ya nyumba ile ni ya saruji tupu, lakini imesuguliwa miaka mingi mpaka imekuwa laini. Jumanne jioni nilisimama katikati ya sebule nikaona kazi yangu. Kuta zimetulia, milango inawaka. Nilijipongeza kwa sauti, na sioni aibu kusema hivyo.

Jumatano asubuhi nikamleta mama ajaribu. Aliingia, akavuta hewa, akasema rangi inanuka vizuri. Kisha akaanza kutembea kwenda chumbani. Alikuwa akitembea haraka, amejiandaa, kidevu juu. Alikwenda moja kwa moja akasimama kiganja kimoja tu kutoka ukutani, mahali pasipokuwa na mlango hata kidogo. Mlango ulikuwa hatua mbili kulia kwake, mwekundu kama moto.

"Kitindamimba," akaniita, "mlango wa chumbani umeuhamishia wapi?"

Nilidhani ananitania. Nikamshika bega nikamgeuza, nikamwonyesha. Alitazama muda mrefu. Akasogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande. Kisha akaniambia anachokiona ni ukuta mmoja mrefu kutoka kona hadi kona, na huko chini ukuta unaendelea tu mpaka miguuni kwake, hajui sakafu inaanzia wapi.

Miaka ishirini na miwili, na mlango nimeupoteza mbele ya macho ya mama yangu. Kisha hasira zikanipanda, nikaipiga ndoo teke, ikaviringika mpaka jikoni na mimi nikabaki nimeshika kidole cha mguu. Mama aliisikiliza ndoo mpaka ikatulia. Akaniuliza kama nimemaliza.

Nikamwambia nimemaliza.

"Umejishonea wewe," akasema. "Mimi hukunipima."

Ni kweli, nilikaa na kitabu cha rangi dukani nikachagua kwa macho yangu mazima, joto la kijivu sijui nini, wekundu wa kupiga kelele, na mtu mwenye nyumba sikumuuliza hata mara moja. Ni mimi huyo huyo ninayewacheka wateja. Nilimrudisha mama kwa kaka nikimwomba asiseme kitu, nikaenda dukani mbio.

Daktari alinisikiliza huku amekunja uso. Akachukua kadi ya kijivu changu na kadi ya nyekundu yangu, akaziweka kando kwa kando, akazitazama, akasema hawezi kuelewa, mbona ni mbingu na ardhi. Nyuma ya kaunta kulikuwa na mashine ya fotokopi, ile kuukuu ambayo humtolea mteja nakala ya vipimo vyake, nakala zenyewe nyeusi na nyeupe. Dada mmoja alikuwa anatoa nakala ya kitambulisho. Daktari akaitazama mashine, akanitazama mimi. Dada yule alipomaliza tu, aliinua kifuniko, akalaza zile kadi mbili, akabonyeza.

Karatasi ilitoka ikiwa na vipande viwili. Vya rangi moja. Huwezi kujua kipi kilikuwa kijivu na kipi kilikuwa nyekundu. Nilikigeuza kile kikaratasi juu chini, nikakipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikakirudisha. Rangi moja tu.

Sijui nielezeje nilivyojisikia. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne nilikuwa naona anachokiona mama. Kipo mkononi mwangu, bado kina joto la mashine. Machozi yalinilenga, na wakati huo huo nilitaka kurukaruka. Mlango mwekundu ulikuwa unapiga kelele kwangu mimi. Kwake ulikuwa umenyamaza kimya pamoja na ukuta.

Basi tukaanza kazi. Tulikipitisha kitabu kizima cha rangi kwenye mashine ile, ukurasa kwa ukurasa. Wateja walisimama foleni, Daktari akawaambia wasubiri, kuna mgonjwa. Bluu iliyokoza ilitoka nyeusi. Kijani cha majani kikatoka sawa na nyekundu. Njano ikatoka karibu na nyeupe, nami nikapiga kelele kwa furaha kwa sababu mama ana kiti cha njano, kwa hiyo kiti kile kingejitokeza mbele ya ukuta. Kahawia ile iliyokolea sana ikatoka nyeusi tititi. Wateja nao wakaingilia. Mzee mmoja aliyekuja kununua turpentaini alitaka kujua zambarau itakuwaje, tukamtolea, akaondoka na karatasi yake amefurahi kama aliyepewa zawadi.

Mambo yakawa wazi. Milango na fremu ziwe kahawia iliyokolea. Chini ya kila ukuta, mstari mnene wa rangi hiyo hiyo, upana wa kiganja, ili sakafu na ukuta viachane. Na kuta ziwe kijivu chepesi zaidi, chepesi vya kutosha mlango ujitokeze, lakini kisiwe chepesi kiasi cha kumchoma saa kumi, jua linapoingia kwa dirisha la sebuleni. Mstari kati ya hayo mawili ni mwembamba. Daktari alinichanganyia vijivu vitatu kwenye makopo madogo, na safari hii sikuchagua mimi.

Alhamisi nilimtoa mama kwa kaka kwa kisingizio cha kwenda kwangu, nikampeleka kwenye nyumba ile. Nilikuwa nimepaka vipande vitatu vya ubao, kila kimoja kwa kijivu chake, na kwenye kila ubao nimechora mlango mdogo wa kahawia. Nikavisimamisha ukutani. Mama akavuta kiti akakaa mbele yavyo, kama alivyokuwa akikaa mbele ya mteja, mikono magotini.

Mchana wa saa saba alichagua wa kwanza, ule mwepesi kuliko zote. Nilitaka kukimbilia ndoo, akanizuia. Akasema mtihani wake si saa saba. Tukangoja. Tulipiga soga, akanisimulia habari za wateja wake wa zamani, nami nikawa natazama jua linavyosogea sakafuni. Lilipopanda ukutani, mama alifumba macho ghafla, akageuza uso. Ubao wa kwanza ulikuwa unamchoma. Wa pili nao ulimtoa machozi kidogo. Wa tatu aliweza kuutazama, lakini mlango wake ukaanza kufifia.

Na sasa niseme ukweli. Huo wa tatu ulikuwa mbaya. Machoni pangu ulikuwa rangi ya maji yaliyofulia soksi. Kama mteja angeniomba niupake ningemwambia nina safari. Lakini mama alisema anataka kitu katikati ya wa pili na wa tatu, kikaribie wa tatu, nami nikameza kiburi changu nikachukua ndoo.

Kilichofuata kilikuwa raha tupu. Nilimimina nusu ya huku na nusu ya huko, nikawa naongeza kidogo kidogo kwa kijiko, nakoroga, napaka kipande, nakipepea kikauke, maana rangi ya maji ikikauka hukolea na usipongoja itakudanganya. Mama akawa ananiamuru. Ongeza. Ongeza. Punguza. Alikuwa amesimama, ameniegemea begani, shingo ameinyoosha, na sauti yake ilikuwa ile ya cherehani, ile niliyokua nikiisikia ikiwaambia watu wanyooke wapimwe. Miaka minne sikuwa nimeisikia. Nilikoroga huku natabasamu kama mwendawazimu.

Kipande cha sita kilipokauka alisogeza uso karibu. Jua lilikuwa limekipiga sawasawa. Macho yake yalikuwa wazi, yametulia.

"Hapo," akasema. "Usiongeze hata tone. Hapo macho yangu yanakaa kitako."

Niliandika vipimo mkononi kwa kalamu, nikaviandika tena kwenye karatasi, nikavipeleka kwa Daktari kama barua ya posa. Ijumaa na Jumamosi nilifunga kibwebwe. Kuta zote mikono miwili. Milango yote, fremu zote, swichi nikazizungushia mraba wa kahawia. Mstari wa chini nilipiga kwa mkono, nimelala ubavu, chumba hadi chumba. Jikoni rafu nikaipaka rangi iliyokolea ili vikombe vyeupe viinuke juu yake, nikanunua sinia jeusi. Kiti cha njano nikakiweka karibu na dirisha. Jumamosi adhuhuri nilipomaliza nilipiga picha kwa simu nikaiondoa rangi zote, nikaitazama. Milango ilikuwa imesimama kama askari.

Jumapili mama alivaa gauni lake la kutokea. Kaka akaja saa kumi kasoro dakika tano, kwa sababu ni kaka. Alikuwa ametoka kwenye shughuli ya ofisini kwake, amevaa suti mpya, na usoni alionekana hajalala. Aliuchukua ufunguo kwangu akafungua mlango mwenyewe, kisha akautia mfukoni. Akazunguka sebule, akagusa mstari wa chini kwa ncha ya kiatu, akauliza kama nimeishiwa rangi katikati ya kazi. Kisha akasoma masharti upya, na akakazia lile la mwisho, kwamba atakayemwambia mama neno ameharibu kila kitu. Yeye akakaa kwenye kiti kando ya mlango wa chumbani, mimi nikakaa kwenye mkeka kwenye kona. Mama akatoka nje, akafunga mlango, akaufungua tena.

Mama alisimama kizingitini kama mtu anayesoma, kisha akaingia. Alipita meza bila kuigusa. Alizunguka kiti cha njano kwa mbali, akakipiga jicho na kutabasamu kidogo. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumbani, katikati yake kabisa, bega hili na bega lile mbali na fremu, akapita mbele ya kaka, akaingia. Tukamsikia anafungua kabati. Akatoka. Nilimtazama kaka, nikaona ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Mama akakata sebule akaingia jikoni, tukasikia maji, tukasikia kiberiti.

Kiberiti ndicho kilichomshinda kaka. Nilimwona anainuka. Nilimtolea macho, nikampungia mkono arudi, hakunitazama. Alikwenda kwa ncha za vidole mpaka mbele ya mlango wa jikoni, hatua moja kutoka kizingiti, akasimama pale mikono ameitanguliza, tayari kumdaka mama akianguka. Na hapo ndipo nilipoiona ile suti. Kabla ya hapo nilikuwa nimeiona ni suti tu. Ilikuwa ya kijivu, koti na suruali, na kijivu chenyewe, Mungu wangu, kilikuwa kile kile cha ukuta. Ningeweza kuipaka nikidhani ni ukuta.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikisema neno mama amepoteza nyumba, nisiposema atamgonga. Sufuria ikachemka, moto ukazimwa, chai ikamiminwa bila kumwagika, nilijua kwa sauti yake. Mama akatokea mlangoni na sinia jeusi, kikombe cheupe katikati. Alikuwa akitazama kikombe na mstari wa sakafuni. Akainua uso mara moja, mbele yake akaona kijivu na kijivu, akaona njia iko wazi, akatembea.

Sinia lilimpiga kaka tumboni. Chai yote ikamiminika kwenye koti.

Kaka hakulalamika hata kidogo ingawa lazima ilimuunguza. Mama alisimama pale pale, uso umemshuka, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilimwona kikongwe. Alishika sinia kwa mkono mmoja, mkono mwingine akaunyoosha polepole. Vidole vikagusa koti, vikapanda kwenye kola, vikatambua kitambaa, kisha vikatambua bega.

"Ni wewe," akasema.

"Niliogopa utaanguka, Mama."

"Nilikuacha kwenye kiti."

"Ndiyo."

Mama akaendelea kumshika bega. Sauti yake haikupanda. Akasema, "Mwanangu, nyumba hii nimeiona yote. Ukuta nimeuona, mlango nimeuona, kikombe nimekiona. Wewe tu ndiye sikukuona. Umekuja kusimama kwenye njia yangu."

Nilitazama sakafu. Sikutaka kuona uso wa kaka, lakini nikauona hata hivyo. Akatazama ukuta. Akatazama mkono wa suti yake, akauweka kando ya ukuta, akautazama tena. Kisha akasogea hatua mbili pembeni, mbali na mlango.

Mama akasikia amesogea. Akaenda akaliweka sinia mezani, akachukua kikombe, akarudi jikoni kumimina chai nyingine. Kaka akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini akae wapi asiwe njiani. Nilimwonyesha kiti cha njano. Alianza kwenda kukaa, akasimama, akaingiza mkono kwenye mfuko ule uliolowa akatoa ufunguo wa nyumba. Akautazama, akatazama meza, akataka kuuweka juu ya kitambaa cheupe cha meza, akasita. Akauweka juu ya sinia jeusi, ufunguo wa chuma unaong'aa, katikati kabisa.

Mama akatoka na kikombe, akakiweka mezani. Akauona, akauokota bila kupapasa.